Puuza Upinzani wa Hewa

Kila aliyepitia darasa la fizikia anayajua maneno haya: puuza upinzani wa hewa, chukulia hakuna msuguano, kamba haina uzito na haivutiki. Huandikwa mwishoni mwa swali, na wengi huyaruka haraka wakikimbilia kanuni. Hoja ya makala haya ni kwamba maneno hayo ndiyo moyo wa swali lote, na kwamba yamebeba jambo linalomhusu hata asiyekusudia kuwa mwanasayansi: mtu afanyeje ili aseme kweli kuhusu dunia ambayo hawezi kuijua yote? Jibu la fizikia ya mwanzo ni la unyenyekevu. Kabla hujadai kujua chochote, taja mbele ya wote yale unayoyaacha kando. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu nje ya darasa, na ukikosekana watu huumia.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: maneno hayo ni uongo. Hakuna mahali duniani pasipo msuguano, na mtu wa Milepa analijua hilo vizuri kuliko mtunga mitihani. Milepa iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukuta mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Juu ni uwanda wa Ufipa na mji wa Sumbawanga, kwenye mwinuko unaokaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Chini, ziwa liko kwenye mita 800 hivi. Gari linalotoka mjini kwenda bondeni halina budi kuteremka sehemu kubwa ya tofauti hiyo, kona baada ya kona. Watu wanaolisubiri lilete saruji na bati, kisha lipande na mpunga wao, wanaujua msuguano kwa harufu ya breki. Mbele ya mtu kama huyo, swali linaloanza na gari lisilo na msuguano linaonekana ni mchezo wa watu waliokosa kazi.

Basi tulifanye swali lenyewe tuone. Lori la Fuso lenye tani 10, pamoja na shehena, linateremka kimo cha mita 900. Chukulia hakuna msuguano, puuza hewa, na mchapuko wa mvutano wa dunia uwe mita 10 kwa sekunde kwa sekunde. Tafuta kasi yake likifika chini. Mwanafunzi anaandika alichopewa, anachotafuta na kanuni, kisha anakokotoa. Nishati ya kimo ni tungamo mara mchapuko mara kimo: kilo 10,000 mara 10 mara 900, yaani jouli milioni 90. Nishati hiyo yote ikigeuka kuwa mwendo, kasi ni kipeuo cha pili cha 18,000, kama mita 134 kwa sekunde. Kwa hesabu ya dashibodi, hizo ni zaidi ya kilomita 480 kwa saa. Hakuna Fuso lililowahi kuingia Milepa kwa kasi hiyo, na kama lingekuwepo, lisingeikata hata kona ya pili.

Lakini angalia jibu hilo la ajabu linatufanyia kazi gani. Dereva halisi anafika chini akienda, tuseme, kilomita 30 kwa saa. Nishati ya mwendo wa tani 10 kwa kasi hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja ya zile jouli milioni 90. Zilizobaki, zaidi ya milioni 89, zimekwenda wapi? Zimekuwa joto: kwenye breki, kwenye injini iliyobanwa na gia nzito, kwenye matairi, kwenye hewa. Joto hilo lingechemsha lita zaidi ya 260 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100, pipa zima na ndoo tatu za ziada. Ghafla tunamwelewa dereva mzoefu anayeingiza gia nzito kabla ya kona ya kwanza badala ya kuning'inia kwenye breki njia nzima, na tandiboi anayeruka na kigogo mkononi kila gari linaposimama. Tumeufahamu ukubwa wa msuguano kwa sababu tulianza kwa kuuondoa. Asiyejua gari lingekwenda kasi gani bila breki hawezi kujua breki zimefanya kazi kiasi gani. Kwa hiyo gari lisilo na msuguano halijadai kwamba msuguano haupo. Limetupa kipimo cha kuupimia.

Huo ndio ulikuwa ugunduzi wa Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638 akiwa kifungoni nyumbani kwake. Alitaka kujua vitu vinavyoanguka huongeza kasi kwa utaratibu gani, na kuanguka ni kwepesi mno kwa macho na kwa saa za zama zake. Akaviringisha vitufe vya shaba kwenye ubao uliolainishwa na ulioinama ili mwendo upungue kasi, akapima muda kwa maji yanayochuruzika. Alijua ubao una mikwaruzo na hewa ina ukinzani. Alichofanya ni kuvipunguza kadiri alivyoweza, kusema wazi kwamba vipo, kisha kuuliza mwendo ungekuwaje kama visingekuwepo. Tangu hapo kila swali la fizikia ya mwanzo limekuwa na sehemu mbili: hesabu, na tamko la yale yaliyoachwa.

Tamko hilo lina masharti. Mtu hapewi ruhusa ya kupuuza chochote anachotaka, wala ruhusa aliyopewa leo haidumu milele. Jiwe la ngumi likidondoshwa kutoka juu ya mwembe, ukipuuza hewa unapata jibu lililo karibu sana na kweli. Chukua tone la mvua linaloanguka kutoka kwenye wingu lililo mita 2,000 juu, ukaipuuza hewa kwa mtindo uleule, na hesabu itakupa mita 200 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mvua za masika zingechana majani ya migomba na kuumiza watu. Tone kubwa la kweli hufika ardhini kwa mita 9 hivi kwa sekunde, kwa sababu hewa hulizuia mpaka uzito na ukinzani vilingane. Kanuni ni ileile na mwanafunzi hajakosea kuzidisha. Kosa liko kwenye kilichopuuzwa. Na kwa kuwa kilichopuuzwa kiliandikwa, kosa linaonekana, na yeyote anaweza kuliwekea kidole. Mtu aliyeificha dhana yake amejinyima nafasi hiyo ya kusahihishwa.

Mtu anaweza kusema: watu wa Ufipa walishughulika na maumbile kwa karne nyingi bila karatasi za namna hii. Ni kweli, na ushahidi bado umesimama uwandani. Malungu, matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyozidi kimo cha mtu, yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto: hewa moto ikipanda, hewa baridi iliingia kuchukua nafasi yake. Chuma ghafi kilichotoka humo kilihamishiwa kwenye kintengwe, tanuri dogo la kukisafisha, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Huo ni ujuzi mkubwa wa joto na hewa, na wengi waliofaulu mtihani wa fizikia wasingeweza kuuiga. Lakini kazi hiyo ilifungamana na dawa zilizofukiwa chini ya tanuri na miiko waliyoishika wahunzi. Tanuri likifaulu, vyote vilifaulu pamoja. Likigoma, ilikuwa vigumu kujua kama kosa ni la udongo, la kuni, la matundu au la mwiko uliovunjwa, maana hakuna kilichowahi kuwekwa kando ili kingine kijaribiwe peke yake. Mhunzi alijua kufanya, na kufanya kwake hakuhitaji ushahidi wangu. Swali lililoandikwa linaongeza kitu kimoja tu juu ya ujuzi wake: linavitenganisha visababishi hadharani, hata mtoto wa mtu asiye mhunzi aweze kuuliza kipi kilifanya nini.

Hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapoingia, la dini. Wengi wa watu wa Ufipa ni Wakristo, Wakatoliki hasa, na wapo pia Waislamu na wanaoheshimu mizimu ya ukoo. Wote wanaweza kuhofu kwamba mwanafunzi anayezoea kueleza kila tukio kwa kani, tungamo na nishati anafundishwa polepole kwamba Mungu hana kazi. Hofu hiyo inakosea mahali pamoja: inachanganya kupuuza na kukana. Swali la Fuso linapuuza hewa, rangi ya gari, jina la dereva, sala aliyoisali kabla ya kuwasha injini, na mapenzi ya Mungu kwa abiria wake. Halijasema lolote kuhusu mambo hayo. Mtu anayetoka kwenye swali hilo akitangaza kwamba sala haipo amefanya kosa lilelile la anayetangaza kwamba hewa haipo: amechukua kilichowekwa kando kwa muda akakizika.

Wanateolojia wakubwa waliliona hili mapema. Al-Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, alikana kwamba moto wenyewe una nguvu ya lazima ya kuunguza pamba. Tunachokiona, alisema, ni pamba kuungua inapokutana na moto, na atendaye ni Mungu. Huwezi kumpata mtetezi mkali zaidi wa uweza wa Mungu. Hata hivyo katika utangulizi wa kitabu hichohicho anawaonya wanaozikataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi wakidhani wanaitetea dini, kwamba wanaidhuru. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifika hapohapo kwa njia nyingine: Mungu, kwa wema wake, amevipa viumbe hadhi ya kuwa visababishi vya kweli, na kukikataa kisababishi cha karibu si kumtukuza aliyekiumba. Wawili hawa hawakubaliani kuhusu moto na pamba. Wanakubaliana kwamba hesabu iliyo sahihi haimwondolei Mungu kitu. Kwa mmoja na kwa mwingine, dereva wa Milepa bado ataingiza gia nzito, na bado atasali.

Lakini kuna swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu, na ni haki kulikiri. Ukitaja Sumbawanga popote Tanzania, utani wa zamani unaibuka: huko radi hutumwa. Fizikia inaweza kusema mengi kuhusu radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Sekunde 6 maana yake radi imepiga kilomita 2 kutoka ulipo. Inaweza kueleza chaji zinavyojitenga ndani ya wingu, na kwa nini mti mrefu ulio peke yake ni kimbilio la hatari. Lakini radi ikipiga nyumba na kumuua mama wa watoto wanne, waombolezaji hawaulizi umbali. Wanauliza: kwa nini yeye, kwa nini jana? Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Waazande, alilieleza jambo hili kwa haki. Ghala likiwaangukia watu, Waazande wanajua vizuri kwamba mchwa walizila nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke wakati ule, juu ya wale. Swali hilo si la ujinga. Ni swali la kila binadamu aliyefiwa, na Ayubu aliliuliza kwa ukali kuliko wengi wetu.

Tatizo linaanza pale mtu anapodai kulijibu. Anayesema radi ile imetumwa na jirani ametoka kwenye maombolezo akaingia kwenye madai kuhusu yaliyotokea duniani, kwamba mtu fulani alifanya jambo fulani likasababisha kifo. Dai la namna hiyo linapaswa kubeba mzigo uleule tunaoubebesha swali la fizikia. Umepewa nini? Ugomvi wa shamba, ndoto, neno la mganga. Umepuuza nini? Nyumba ngapi zimepigwa ambazo wenyewe hawakugombana na mtu, na wagombanao wangapi wanalala salama kila masika? Na ni tukio gani, likitokea, lingekuonyesha kwamba umekosea? Mshitaki hana jibu kwa swali la tatu. Radi ikipiga, jirani ametuma. Isipopiga, jirani anasubiri. Hesabu ya Fuso ilitoa namba iliyoweza kuumbuliwa na dashibodi yoyote. Shutuma ya uchawi haimpi mshitakiwa hata nafasi moja ya kuonekana hana hatia, na kwa sababu hiyo ni dhuluma hata kabla ya mtu kuokota jiwe.

Anayedhani haya ni mabishano ya vitabuni aukumbuke ukatili uliotokea mkoani. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ambayo watu wenye ualbino, watoto wakiwemo, wameshambuliwa na kukatwa viungo, kwa kuwa kuna aliyeamini kwamba kiungo cha binadamu huleta utajiri. Nyuma ya panga liko dai kuhusu kisababishi na matokeo ambalo halijawahi kuandikwa likaonekana limepuuza nini: waliotajirika bila kiungo chochote, waliotoa fedha wakafa maskini, na uhai wa mtoto, ambao hauna haki ya kuwekwa kando katika hesabu ya mtu yeyote. Hapa unyenyekevu wa fizikia unafikia mpaka wake, na inafaa kusema hivyo. Swali la fizikia haliwezi kukufundisha kwamba mtoto ni mtakatifu. Hilo utalipata kanisani, msikitini, kwa wazazi, au katika dhamiri yako. Linachoweza ni kuubomoa uongo unaojiita ujuzi, ambao ndio unaompa muuaji kisingizio.

Mpinzani wa mwisho atacheka: mnunuzi wa viungo hivyo ni mtu mwenye fedha, na ni vigumu kuamini kwamba hajawahi kukaa darasani. Wenye vyeti wangapi huenda kwa waganga kabla ya uchaguzi au kabla ya kupandishwa cheo? Kama maswali ya fizikia yangekuwa dawa ya ushirikina, tungekwisha pona. Pingamizi hili nalikubali kama lilivyo, na naliona linaithibitisha hoja. Angalia namna maswali yanavyofanywa. Mwanafunzi anakusanya mitihani iliyopita, anakariri kanuni, anajifunza kutambua ni kanuni ipi huambatana na neno lipi ndani ya swali, anatia namba, jibu linatoka. Hajui kwa nini hewa ilipuuzwa, wala ingetokea nini isingepuuzwa. Yeye na mteja wa mganga wanafanana: wote wametamka maneno wasiyoyaelewa kwa mpangilio waliopewa, wakitarajia matokeo. Shule iliyomfundisha hivyo haikuuondoa ushirikina. Ilimwongezea mwingine wenye alama A.

Wala si lazima iwe hivyo. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, Erasto Mpemba, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu alioutia kwenye friza ukiwa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alifanyiwa dhihaka darasani. Hakunyamaza. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba alimuuliza. Osborne akarudi akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani. Watafiti walioripoti mwaka 2016 walishindwa kuliona. Kisa hiki kinawajibu wanaosema swali la fizikia hufundisha utii tu. Mpemba aliuliza swali ambalo darasa zima lilikuwa limezoezwa kuliruka: je, tulichokipuuza kina haki ya kupuuzwa? Mvuke unaotoka, chombo, barafu chini ya chombo, hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, vyote vilirudi mezani kwa sababu yake. Na anayemkosoa leo anatumia haki ileile.

Kwa hiyo marekebisho yanayohitajika ni madogo kwa gharama na makubwa kwa maana. Alama ya kwanza ya kila swali itolewe kwa mwanafunzi aliyeandika, kwa maneno yake, ni nini kimepuuzwa na kwa nini inaruhusiwa. Alama ya mwisho kwa aliyesema ni katika hali gani jibu lake lingevunjika. Hili halihitaji maabara, na shule ya bondeni inaweza kulianza muhula huu kwa ubao na chaki. Katekista, imamu na mzee wa ukoo nao wanaweza kulidai pale shutuma inapoletwa mbele yao: kabla ya kumsikia mshitaki akitaja jina la mtu, wamtake aseme amepewa nini, ameacha nini, na nini kingemwonyesha kwamba amekosea. Akishindwa, arudishwe nyumbani akaomboleze. Hapo atakuwa na haki zote za kumuuliza Mungu kwa nini, na hana hata moja ya kumnyooshea jirani kidole.